Gia ya Nne ya Mwihaki

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, kama zile zingine, Mwihaki aliamka kabla ya mumewe. Akawasha moto, akakoroga uji, akaufunika kwa sahani usipoe. Gathii alibaki kitandani akisikiliza kikohozi cha jikoni. Kilikuwa kifupi. Hakikufuatwa na kingine. Hapo ndipo alipoanza kutafuta viatu.

"Baba Gicheru, umeamka ama nikuletee uji huko kama mama aliyejifungua?"

"Nimeamka."

"Macho ndiyo yameamka. Miguu iko wapi?"

Walikunywa wakiwa wamesimama. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, mlima wa Elgon hauonekani. Gari lilikuwa limegeuzwa tangu jioni, mlango wa nyuma wazi, na kabeji zimepangwa nusu. Gathii akarukia kazi ili amalize kabla mkewe hajafika. Hakumwahi.

"Daktari alisema usibebe."

"Alisema nisibebe gunia. Hii ni kabeji moja."

Akabeba moja. Akarudi, akabeba moja. Akarudi tena. Gathii akawa anamtazama mabega. Yakipanda sana wakati wa kupumua, ilikuwa siku mbaya. Siku hiyo yalipanda kidogo tu. Akaendelea kupanga kabeji.

Mwihaki alikuwa na moyo mkubwa. Si maneno ya sifa, ni maneno ya daktari wa Bungoma. Alisema moyo umefura, umechoka, unasukuma damu kama pampu iliyopasuka mpira. Alimpa dawa, akamwambia arudi kila mwezi. Halafu akamgeukia Gathii peke yake. "Mzee, siku moja itamshika ghafla. Siku hiyo usingoje, usipike, usiite jirani. Mlete." Tangu hapo neno hilo lilikuwa ndani ya Gathii kama jiwe ndani ya kiatu. Kila safari ya Bungoma alienda naye. Mwihaki alisema mzee anaenda kutazama wanawake wa sokoni.

Watu wa Endebess, barabara yote mpaka Kitale, walimjua kama mwanamke wa gari. Alikuja Trans-Nzoia akiwa msichana aliyeolewa juzi, amekaa juu ya lori kati ya magodoro na kuku, kutoka Nyandarua. Walianza na kipande kidogo cha shamba. Alilima, akazaa, akazika wawili, akalea Gicheru. Aliuza maziwa, akauza viazi, mwisho akashika kabeji kwa sababu Bungoma hawalimi kabeji kama za baridi ya Endebess. Huko sokoni waliacha kumwita Gladwell, jina lake la ubatizo. Wakamwita Mama Kabeji.

Gari alilinunua mwaka wa 2001 kwa mtu wa mbolea pale Kitale. Toyota ya mgongo mrefu, imeletwa kuukuu kutoka Japani, otomatiki. Wakati huo Mwihaki alikuwa amepita miaka hamsini na hajawahi kushika usukani. Akajifunza shambani, kati ya mashina ya mahindi yaliyovunwa, huku majirani wamesimama kwenye ua wakicheka.

Gathii alikataa. Yeye alikuwa ameendesha trekta la mzungu tangu ujana mpaka yule mzungu akauza shamba. "Gari bila klachi si gari," alisema. Siku moja alijaribu. Mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi, haukuipata, ukapata breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote za trekta. Mwihaki karibu apige kioo na paji la uso. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Gathii akampa ufunguo, akasema hatarudia.

Mwaka mzima gari lile lililia. Kutoka Kitale mpaka Bungoma injini ilipiga kelele moja, na kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo ya manjano isiyozima. Yule mtu wa mbolea alikuwa amemwambia: taa hiyo ni ya kuonyesha gari ni nzima, na kile kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia asikiguse kamwe. Basi hakukigusa. Alikifunga kwa plasta ya kidonda ili hata kidole kisiteleze.

Aliyeitoa plasta ni Wekoye, fundi mmoja mnene pale nyuma ya soko la Bungoma. Alikuwa amebadilisha vitambaa vya breki, akaingia na Mwihaki kupima gari, wakazunguka, wakarudi. Gathii alikuwa amekaa juu ya tairi, akingoja.

"Mama Kabeji, hii gari inaria nini?"

"Inalia wapi? Ndiyo sauti yake."

"Ati sauti yake! Inaria kama nguruwe ya Krismasi, bana. Na petroli?"

"Inakunywa."

"Si itakunywa! Gia ya nne umeifungia kwa nyumba, gari inakimbia na tatu tu mpaka Kitale. Nani alikwambia ufunge ovadraivu na plasta? Ilikuwa imeumia?"

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Mwihaki naye akacheka, lakini hakuondoka. "Nieleze," akasema. "Polepole. Mimi sikusoma."

Wekoye akajifuta mikono. "Taa ikiwaka, ovadraivu, hiyo gia ya nne, imezimwa. Taa ikizima, ovadraivu iko."

"Hayo ni maneno ya kichwa chini."

"Ni Wajapani hao, mama, si mimi. Sasa sikia. Balabala ya tambalale, gari imeshika mwendo, bonyeza, taa izime. Injini inapumua, petroli inabaki. Ukiona mrima, bonyeza tena, taa iwake. Gari ipande na tatu, isiwe inabadirisha gia kila saa kama mlevi anatafuta mlango. Ukiwa na mzigo mzito, hivyo hivyo, taa iwake. Na ukishuka, taa iwake. Hapo kwa kushuka usisahau."

"Kwa kushuka? Si gari inaenda yenyewe?"

"Ndiyo shida, inaenda yenyewe! Taa ikiwaka, injini inashikiria gari mgongo. Taa ikizima, umebaki na breki peke yake. Breki ikichemka, hiyo kabeji yako itauzwa kwa mto. Na kama mteremko ni mkari kabisa, vuta mkono wa gia mpaka kwa mbili."

Siku hiyo walirudi nyumbani kimya. Si wao, injini. Baada ya Misikhu, pale barabara inaponyooka, Mwihaki alibonyeza kwa kidole gumba, taa ikazima, na kelele ikaanguka kama mtu aliyetua mzigo. "Umesikia?" alisema. "Maskini. Mwaka mzima na hakuna aliyemwambia apumzike."

Kutoka hapo kidole chake kilijua barabara yote. Hakutazama hata kitufe. Lakini Gathii hakuizoea ile taa. Katika trekta, taa ikiwaka ni mafuta ya injini yamekwisha. Mwenzake mmoja aliwahi kuipuuza, injini ikashikana, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila Mwihaki alipowasha, Gathii alinusa kama kuna kinachoungua. Alipozima, aliegemea kiti. Hakumwambia. Alitazama nje.

Basi asubuhi ile walitoka. Kitale waliipita kukiwa bado na ukungu. Baada ya mji Mwihaki akazima taa, gari likatulia, akawa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua. Kiminini wakamsalimu, akapiga honi. Kupita Kiminini wimbo ulikatika katikati. Gathii alidhani amesahau maneno.

Gari likaenda pembeni taratibu, likasimama kwenye nyasi. Mwihaki akaondoa mkono kwenye gia, akauweka kifuani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mama Gicheru."

"Ngoja."

Akangoja. Mabega yalikuwa yanapanda mpaka masikioni.

"Imekushika?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Turudi Kitale."

"Kitale wataanza kuniuliza nilizaliwa wapi." Alisema maneno mawili, akapumua, akasema mengine mawili. "Bungoma wananijua. Daktari yuko leo. Na huku ni kushuka. Twende."

"Twende na nani?"

Mwihaki akachomoa ufunguo, akamnyooshea.

Gathii akashuka, akasimama katikati ya barabara na mikono juu. Pikapu iliyojaa watu ikampigia honi, ikamzunguka. Lori la miwa likapita bila hata kupunguza. Mtu wa baiskeli ndiye aliyesimama, akachungulia ndani, akavua kofia. "Mzee, ningekusaidia kabisa. Lakini mimi najua hii tu." Akapiga kiti cha baiskeli yake. Alikuwa karibu kulia.

Usingoje, alisema daktari. Gathii akafungua mlango, akambeba mkewe, akamzungusha mpaka kiti cha kushoto. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo likamtisha zaidi. Akakaa nyuma ya usukani. Akachomeka ufunguo, akawasha.

"Huo mguu wa kushoto," Mwihaki alisema, macho yamefungwa. "Uweke nyuma. Chini ya kiti. Ukiweza, ukalie."

"Nimeweka."

"Kulia kanyaga breki. Sasa vuta mkono. Mpaka herufi yenye tumbo kubwa. Sasa achilia. Polepole, Baba Gicheru. Si trekta."

Gari likatambaa. Likaingia barabarani. Wakaenda. Gathii aliushika usukani kana kwamba unataka kutoroka, akikwepa mashimo na kuangukia mengine. Mguu wa kushoto ulitaka kurudi mbele. Aliukataza kwa sauti, kama mtu anayekataza mbwa. Pembeni alisikia kitu kama kicheko kidogo, kikakatwa na pumzi.

Kisha barabara ikainama. Ni ule mteremko wa kwenda daraja la Kamukuywa.

"Bonyeza hapo ubavuni," Mwihaki akasema. "Taa iwake."

Akabonyeza. Taa ya manjano ikawaka, injini ikanguruma, gari likajishika. Likawa linashuka kwa kujizuia, kama ng'ombe anayeshuka mtoni. Vizuri. Lakini Mwihaki hakusema tena. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo. Gathii akamtazama, akatazama taa. Akamtazama yeye, akatazama taa. Injini ilikuwa inalia. Taa inawaka. Miaka yote ya trekta ikamwambia jambo moja: kitu kinaungua hapa, zima. Likifa gari katikati ya mteremko, mkewe atafia hapa hapa, kati ya kabeji. Kidole chake kikabonyeza.

Taa ikazima. Kelele ikaisha. Kwa muda mfupi kulikuwa na utulivu mtamu, na Gathii akapumua.

Halafu gari likaanza kukimbia.

Akakanyaga breki. Likapungua, akaachilia, likakimbia zaidi. Akakanyaga tena, muda mrefu. Kabeji zikaporomoka zikagonga mgongo wa kiti. Harufu ikaja, harufu ya kitambaa kinachoungua, na chini ya mguu breki ikaanza kuwa laini. Mbele, chini, daraja lilikuwa limejaa: lori lilikuwa linalivuka kuja upande wao, limelichukua lote.

"Mwihaki!"

Hakuwa amemwita jina hilo tangu Gicheru azaliwe. Akafungua macho. Hakutazama barabara. Alisikiliza.

"Nani amezima taa?"

"Mimi."

"Iwashe."

"Itaungua!"

"Gathii. Iwashe."

Akabonyeza. Gari likaguna.

"Mkono wa gia. Vuta. Mpaka mbili."

Akavuta. Injini ikapiga yowe ambalo hakuwahi kulisikia, kubwa kuliko la trekta lililokwama matopeni, na mwili wote wa gari ukarudi nyuma kama umeshikwa mkia. Taa ya manjano ilikuwa inamwakia usoni. Aliiacha iwake. Akagusa breki kidogo, akaachilia, akagusa. Lori likatoka darajani, likawapita karibu sana, dereva wake akitukana kwa mkono. Wakaliingia daraja kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Sasa acha mkono hapo mpaka juu," Mwihaki alisema. Akafunga macho.

Juu ya Kamukuywa Mwihaki akamwambia arudishe mkono wa gia kwenye ile herufi ya tumbo. Barabara ikanyooka. Gathii alijua sasa. Hapa ni tambarare, taa izime. Alijua kabisa. Lakini kando yake palikuwa kimya, na hakuweza kugeuka kutazama maana mashimo hayakumpa nafasi.

"Mama Gicheru, taa?"

"Zima."

Akazima. Kulipokuja kilima: "Mama Gicheru, taa?"

"Washa."

Hivyo ndivyo walivyoenda. Kabla ya Misikhu, pale soko linapojaa barabarani, kina mama wenye vikapu vya nyanya wakaruka kando wakimlaani. Akauliza. Akajibiwa. Kuteremkia Webuye akauliza. Akajibiwa. Hakuwa anauliza habari ya taa. Neno likirudi, yuko. Alilingoja, na kila mara lilichelewa zaidi kuliko lililotangulia.

Webuye akafikiri kusimama. Mwihaki akasema "Bungoma," hata bila kuulizwa.

Baada ya Webuye barabara inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Penye kilima kimoja akauliza, "Mama Gicheru, taa?" Hakuna kitu. Akapanda. Akauliza tena. Injini tu. Akafika juu ya kilima, jasho linamwingia machoni, akasema kwa sauti kubwa, "Mama Gicheru! Taa!"

"Si unajua," alisema Mwihaki. Sauti ilikuwa ndogo, na imekasirika.

Gathii akaanza kulia, akaendesha akilia. Hakuuliza tena. Aliwasha mwenyewe, akazima mwenyewe. Ikawa sasa anasikiliza ile pumzi, ya kukwaruza, ya kupanda na kushuka kama ile barabara.

Bungoma aliingia akiwa anapiga honi kutoka kituo cha petroli cha kwanza. Hospitalini alisimamisha gari mlangoni kabisa, mahali pasiporuhusiwa. Nesi mmoja, Rispah, aliyemjua Mwihaki kwa sababu ya kabeji, akaja mbio na kiti cha magurudumu. Wakamtoa. Gathii akataka kushuka, hakuweza. Vidole vilikuwa vimekwama kwenye usukani. Mguu wa kushoto, alioukunja chini ya kiti tangu Kiminini, ulikuwa umekufa ganzi. Askari wa getini akaja kufoka kwamba atoe gari, akamwona uso, akafungua mlango na kumshika mkono kama mtoto.

Daktari alimwambia baadaye, bila kuzungusha. Moyo ulikuwa umefika mwisho. Wangechelewa, angekata pumzi njiani. Sasa wamempa oksijeni, wamempa dawa ya kutoa maji. "Umemletea siku chache, mzee. Mwite kijana wenu."

Gicheru alifika kutoka Nairobi. Alikaa na mama yake. Waliongea, wakacheka hata, Gathii aliwasikia kutoka kwenye benchi la nje. Alikuwa amekaa hapo akitazama mlango, na kila nesi alipotoka alisimama. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nesi alitoka akaja kuketi kando yake, na Gathii hakusimama.

Walimzika shambani, upande wa Endebess. Wateja wake wa Bungoma walikuja na gari la kukodi. Wekoye fundi alikuja, akalia waziwazi, mtu mnene vile. Wakati wa matanga watu walimuuliza Gathii mama alisema nini mwisho. Alijibu kwamba mwisho aliomba maji, na ni kweli.

Lakini usiku usingizi ukimkataa, neno analolisikia si hilo la maji. Ni lile la mlangoni mwa hospitali. Walikuwa wamemkalisha kwenye kile kiti, Rispah anamvalisha barakoa ya oksijeni, na yeye, Gathii, amesimama kwa mguu mmoja akiwa ameshikwa na askari, meno yanagongana, hawezi hata kutaja jina la mgonjwa. Mwihaki akaisogeza ile barakoa kando na mdomo wake. Akamnyooshea mumewe kidole. Akasema:

"Sista, huyo mpatieni chai, ya sukari nyingi. Mimi nilikuwa nimekaa tu. Yeye ndiye ameshuka mlima."